Nilivyopeleka Nadharia Ukweni

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu nikishaanza nitakuwa na hasira na sitaki mtu anikatize. Mimi Lado, mwalimu wa sosholojia, mtu mzima mwenye ndevu, niliachwa na wazee wangu nimekaa peke yangu ukweni, mtaa wa Jebel hapa Juba, katikati ya viti vitupu vya plastiki, nikinyweshwa chai kama mgeni aliyepotea njia. Aibu hiyo niliitafuta mwenyewe, na aliyenisaidia kuitafuta anaitwa Wani.

Wani ni mwenzangu chuoni, tunafundisha somo moja na hatujawahi kukubaliana hata juu ya dirisha, lifungwe au liachwe wazi. Jumamosi hiyo asubuhi tulikuwa na mdahalo mbele ya wanafunzi juu ya jambo ambalo watu wa fani yetu wanalibishania mpaka leo: je, mtu hutenda kwa hiari yake, au muundo wa jamii ndio unaotenda na yeye anafuata tu akidhani kaamua? Mimi nilisimama upande wa hiari (nimekulia Nairobi, nikaamua mwenyewe kurudi Juba wakati kila mtu ananiambia nisirudi, mlitaka nisimame upande gani?) na nilikuwa naongea vizuri, mpaka Wani akatabasamu lile tabasamu lake la kuudhi.

"Lado, si leo mchana unaenda kuposa?" akasema. "Utakaa kwenye kiti, wazee watakusemea, na wewe utanyamaza kama kila bwana harusi aliyenyamaza kabla yako. Jumatatu njoo utuambie hiari yako ilikuwa wapi."

Wanafunzi walicheka mpaka wakapiga meza. Nilitoka pale masikio yananiwaka, na njiani nikaamua kitu kidogo tu: ukweni nitasema sentensi moja. Moja! Jumatatu nimfunge Wani mdomo.

Sasa msidhani sikuonywa. Baba mdogo Pitia, ambaye tangu baba afariki ndiye baba yangu, na ambaye ukimbizi ulimlea Uganda akaokota Kiswahili huko kama wazee wengi wa hapa, alinieleza ndani ya gari mara tatu. "Lado, wewe iko bwana harusi, wewe si msemaji. Hata mtu akiuliza jina yako, mimi iko najibu." Nikaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, huku sentensi yangu naipanga kichwani. Na kumbukeni, miaka miwili nilikuwa nasubiri Mzee Tombe, baba yake Poni, mchumba wangu, akubali kutupokea. Miaka miwili! Poni mwenyewe alikuwa ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia, anasikia kila kitu.

Wazee waliongea karibu saa mbili nzima, nani kamzaa nani na ukoo upi umekaa wapi, na mimi kimya. Huenda ningevumilia mpaka mwisho, lakini msemaji wao, kwa wema kabisa, akanielekezea kidole na kusema, "Kijana yenu nyamaza vizuri. Kweli mmemfundisha." Jamani. Nilimwona Wani mbele yangu na lile tabasamu. Nikasimama (nilisimama!) nikasema, "Wazee, kwa heshima yote, mimi na Poni tumeshaamua wenyewe. Hapa tumekuja kuwapa taarifa tu."

Ningekaa wakati huo, labda mtu angekohoa tukaendelea. Lakini nyuma ya pazia shangazi mmoja akauliza kwa sauti kali, "Wameamua? Lini? Wapi?" na mimi, mpumbavu, nikamjibu shangazi. Nikaeleza kwamba mila hutengenezwa na watu na watu wanaweza kuibadilisha. Neno muundo nililitaja mara mbili, mbele ya watu waliooga na kuvaa vizuri ili wasikilize posa.

Mzee Tombe hakunitazama hata kidogo. Alimgeukia baba mdogo. "Ya Pitia, kama kijana najisemea mwenyewe, nyinyi mmekuja kufanya nini?"

Baba mdogo akainuka taratibu, akachukua fimbo yake. "Khalas, basi," akasema. "Mwenye maneno iko hapa. Sisi narudi nyumbani Sherikat." Wakatoka wote, mmoja nyuma ya mwingine, na gari wakaondoka nalo.

Afadhali wangenitukana! Waliniletea chai, wakaniuliza kama barabara ina vumbi. Kila nikianza, "Mzee, naomba nieleze," Mzee Tombe anamgeukia ndugu yake wanaongea habari za jenereta, kwa sababu mtu asiye na watu wake hakuna wa kuzungumza naye posa. Hiari nilikuwa nayo tele na hakuna aliyeitaka.

Poni akatoka. Nikadhani anakuja kunituliza. Alichukua kikombe mkononi mwangu akasema polepole, "Umesema tumeamua. Uliniuliza kama nataka unisemee?"

"Lakini Poni, si tulikubaliana tuoane?"

"Kuoana, ndiyo. Mwisho wa posa wazee huniita nje, wananiuliza mbele ya wote kama nawajua watu hawa na kama nawakubali. Hapo ndipo pa kusema mimi, Lado. Umesema wewe."

Nilitembea na suti yangu mpaka sokoni, nikapanda bodaboda hadi kwangu Buluk, na jasho lote lile lilikuwa la hasira.

Jumatatu Wani alikuwa ameshasikia, darasa zima lilishasikia. "Ungenyamaza, ni muundo," akasema. "Umesema, muundo umekuacha na chai." Nilitamani kumrushia chaki. Kinachoniuma ni kwamba wote wawili tulitumia asubuhi nzima kugombania mtu na hiari yake, na hakuna aliyemtaja Poni.

Ilinichukua miezi miwili kumbembeleza baba mdogo, na mbuzi mmoja wa kuwaomba radhi wakwe. Tukarudi. Safari hii nilinyamaza mpaka taya zikauma. Mwisho wakamwita Poni, wakamuuliza, "Unawajua watu hawa?"

Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, macho yakabaki hapo mpaka shati likanilowa mgongoni.

"Wazee nawajua, na nawakubali," akasema. "Huyu wa mwisho bado namchunguza."

Ua zima likaangua kicheko, baba mdogo akajipiga paja, na Mzee Tombe akaagiza chai, tukajua tumekubaliwa. Jibu nilikuwa nalo, tena jibu kali. Nililimeza. Naapa mbele yenu, ukweni sitafungua tena mdomo ila kwa kula, na Wani akiwauliza kama nilinyamaza kwa hiari au kwa muundo, mwambieni akamuulize Poni.