Mhudumu wa Ghorofa ya Tatu

Katika mkahawa wetu wa chai karibu na bandari ya Hong Kong, mhudumu wa ghorofa ya tatu hamkaribishi mtu, humfokea. Mikono yake mipana, iliyobabuka kwa mvuke, hubwaga mezani vikapu vyenye kamba wa baharini waliofungwa ndani ya unga, na mtalii akiinua kamera kwanza, humwambia, “Picha hailiwi, ndugu yangu.” Jumapili ile lifti iliharibika. Bibi Lau, ambaye hakuwa ameiona bahari tangu apooze miguu, alikwama chini kwenye kiti chake cha magurudumu, akamwambia binti yake warudi nyumbani. Mhudumu akateremka, akachuchumaa mbele yake.

“Panda, bibi. Chakula kinapoa.”

“Utaniangusha wewe!”

“Nimebeba magunia ya mchele mazito kukushinda, tena hayakuwa na mdomo.”

Akampandisha ngazi zote mgongoni, akihema na kugomba. Ukumbini, vijiti vya kulia vikabaki hewani. Akamketisha dirishani, bandari yote ikiwa wazi mbele yake.

“Meli zimekuwa nyingi,” bibi akanong'ona, machozi yakimlengalenga.

“Zilikuwa zinakungoja,” akamjibu, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. “Haya, kula.”