Posa ya Rama Ayalandi

Shemeji yangu Rama hajui kusimulia kitu kwa ufupi, na hilo nalisema kwa mapenzi. Mtume dukani Mtongwe akuletee chumvi, atakuletea chumvi pamoja na habari za kila aliyekutana naye njiani. Kwa hiyo aliporudi Likoni mwaka wa arobaini na sita, baada ya kutia makaa kwenye meli za mizigo tangu vita havijaisha, tulijua tumepata msimulizi wa mwaka mzima. Hatukujua kwamba hadithi hizo karibu zimkoseshe mke.

Mke mwenyewe ni dada yangu Mwanatatu. Walipendana kabla Rama hajaenda baharini, na posa ilikuwa ikingojewa tu. Baba yetu, Mzee Boga, hakuwa na neno. Alikuwa na minazi yake na swala zake, na jambo moja asilolivumilia duniani, nalo ni uongo. Aliwahi kumnunia jirani miaka kwa sababu ya mbuzi aliyeambiwa ni mgonjwa, kumbe mzima.

Sasa Rama akaanza kusimulia Ayalandi.

Meli yao iliharibika mtambo, ikaingia bandari moja ya nchi hiyo, kusini kabisa, na mafundi wakasema matengenezo yatachukua muda. Wenzake walikaa bandarini wakicheza karata. Rama hakai. Alimwomba ruhusa serehangi, mkubwa wa mabaharia, akatia blanketi na msala wa kuswalia kwenye shanta, akaibeba mgongoni na kuifuata pwani kwa miguu. Ukimuuliza alikuwa akienda wapi, atakwambia alikuwa akienda kuona.

Na aliona. Pwani ya huko, asema, haishuki baharini polepole kama yetu. Nchi ni majani mabichi, ng'ombe wanakula, kisha ghafla imekatika, na chini kabisa mawimbi yanapiga mwamba mpaka povu linakurukia ulipo. Mvua yao haianzi wala haiishi. Mashamba ni madogo kama ua wetu wa nyuma, yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na upepo unapita kwenye matundu ukipiga mluzi. Nyumba zimeezekwa nyasi. Alipoziona mara ya kwanza alicheka peke yake, maana hakujua kama wapo wazungu wasiokuwa na bati.

Watu wa huko nao hawakuachi upite. Mtu yuko mlangoni, anakuamkia kwa jina la Mungu, nawe hujamaliza kujibu keshauliza watoka wapi na mama yako hajambo. Chai yao ni kali. Ukiikataa mara ya kwanza kwa adabu hawakusikii, na ukiikataa mara ya pili imeshamiminwa. Rama akajiona yuko Mtongwe, ila kwa baridi.

Jioni moja alikuta vijana njia panda wanacheza, fidla inalia. Hapa shemeji husimama kutuonyesha: miguu ina wazimu, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu hakitikisiki kitu, mikono imening'inia tu, na uso umetulia kama wa mtu anayesikiliza hotuba. Walipomtaka naye acheze ngoma ya kwetu huku, aliazima bakora ya mzee mmoja akawachezea goma, taratibu, bakora ikipanda na kushuka, mpaka mpiga fidla akapunguza mwendo kumfuata. Walimshangilia hadi akaona haya. Rama aone haya! Hilo ndilo mimi nisiloliamini.

Lakini baba hakukwama kwenye fidla. Alikwama kwa Bi Nora.

Huyo alikuwa mzungu mjane, mtu mzima. Rama alimkuta ufukoni miguu mitupu, akijaza mwani kapuni aupeleke shambani kurutubisha viazi. Rama akampokea kapu, naye akampokea mgeni. Nyumbani kwake walikoka moto kwa udongo. Wanauchimba mweusi bondeni, wanaukata vipande na kuuanika, nao unawaka. Akampikia viazi na samaki, na alipofahamu kwamba Rama hali nguruwe, akaiondoa mezani nyama yake mwenyewe. Kiti kilikuwa kimoja. Alimkalisha Rama, yeye akaketi chini, akamtazama akila na kumhimiza ale.

Barazani watu waliangua kicheko. Bibi wa kizungu chini, mtu wa Likoni kitini! Wazungu tuliowajua sisi walivuka feri ndani ya motokaa bila hata kututazama. Udongo kuwaka, labda; lakini hili! Wakambandika jina Rama Ayalandi, na mtu akitia chumvi sokoni aliambiwa akasimulie Ayalandi.

Siku ya posa Rama alikuja na ami yake, kanzu imenyooka, kofia mpya. Mimi na Mwanatatu tulikuwa nyuma ya pazia, mwenzangu amenishika mkono mpaka ukaingia ganzi.

"Shikamoo, mzee," alisema Rama.

"Marahaba." Baba hakuzunguka. "Rama, wewe nakujua tangu mdogo, na marehemu babako alikuwa mtu wa kweli. Mimi sikatai. Lakini siwezi kumpa mwanangu mtu anayechekwa feri nzima. Nambie tu mbele ya ami yako kwamba yule mama wa kizungu ulimtunga. Sema mara moja, tusome Fatiha."

Lilikuwa neno dogo. Mimi ningelisema. Ami yake alimkanyaga mguu alitoe. "Sema, Rama, sema," Mwanatatu alinong'ona, machozi yakimtoka.

Rama akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena maishani.

"Baba," akasema mwishowe, "Mwanatatu wallahi namtaka kuliko kitu chochote. Lakini yule mama nimekula chakula chake. Leo nikisema hakuwako, kesho Mwanatatu nitamwambia neno gani aliamini?"

Baba alishusha pumzi. "Basi. Nendeni salama."

Ami alikuwa keshaanza kutafuta viatu. Ndipo mama yetu, Bi Dhahabu, alipotoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama mlangoni, yeye ambaye haingilii mazungumzo ya wanaume.

"Rama mwanangu, yule mama ana watoto?"

"Alikuwa na mmoja, mama. Alikwenda baharini wakati wa vita, hakurudi. Sijapata kulisema, watu hunicheka kabla sijafika hapo."

Ndugu yetu Rashid alichukuliwa na jeshi kwenda Burma. Wenzake walikuwa wamerudi. Yeye hatukupata habari yake. Tangu hapo, kila kijana wa kaki aliyeshuka feri, mama alimwita, akampakulia, akaketi kumtazama akila. Wengine hata hakuwajua majina. Sisi tulikuwa tukimwonea aibu, na naumia nikikumbuka.

"Mzee Boga," mama alisema, "huyu hasemi uongo. Yule mama mimi namjua."

Baba alimtazama mkewe. Kisha akamgeukia ami. "Keti, bwana. Viatu vya nini?"

Fatiha ilisomwa. Wali ulipoandaliwa, mama aliketi karibu na pazia, akamtaka Rama amsimulie yote, tangu ufukoni. Alisimulia mpaka wali ukapoa, na safari hii hakuna aliyemkatiza.