Mama Alipolia Ukumbini

Watu wa Tororo walikuwa watazamaji wabaya kupita wote niliowahi kukaa nao, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukumbi wetu ulikuwa ghala la pamba lililoachwa, mabati matupu juu, na jukwaa la mbao ambalo mafundi wa kiwanda cha saruji walilipigilia misumari wakati wa mapumziko. Mbele viliwekwa viti vya wazungu, wakija. Nyuma yao wenye maduka na makarani. Sisi wake wa wafanyakazi tulikaa chini, watoto mgongoni, karanga mkononi. Mchezaji akisahau maneno yake tulimtupia maganda, na akiyakumbuka tulimtupia pia kwa sababu ametuchelewesha.

Sheria mle ndani ilikuwa moja. Jambo likitupendeza tulipiga kelele "Rudia!" na lilirudiwa pale pale. Nimeona mwizi akikamatwa, akiachiwa na kukamatwa tena mpaka shati likachanika. Nimeona bibi harusi, ambaye alikuwa mpakiaji wa mifuko ya saruji aliyefungwa kitambaa kichwani, akitakiwa atoe machozi upya wakati ya kwanza hayajakauka. Hakuna aliyemwonea huruma. Waume zetu walikuwa wametukanwa na manyapara tangu Jumatatu, na Jumamosi alasiri ilikuwa zamu yetu kumtukana mtu.

Kipenzi cha ukumbi alikuwa kaka yangu. Alikuwa karani pale kiwandani, mwenye tai na viatu vinavyolia akitembea. Kipaji chake kilikuwa kufa. Wengine walianguka kama gunia wakabaki wanapepesa macho, lakini yeye alikufa polepole kuanzia miguuni, mpaka ukasahau kwamba asubuhi ulimwona akinywa chai. Mchezo wao mkubwa ulihusu kijana aliyewadharau wazazi wake, akaishia kwenye pombe, akarudishwa kwao juu ya machela. Kila mara tulimwambia arudie kufa, naye alirudia huku moyo wake umejaa furaha.

Basi ikasikika kwamba bwana mzungu wa idara ya maendeleo atakuja kuutazama mchezo huo. Kaka akatuma mtu kijijini kwetu Mulanda amlete mama.

"Umemwambia kwamba utakufa mbele yake?" nikamuuliza.

"Usimwambie," akasema. "Utamu wenyewe ndio huo."

Nilimwambia. Mama hakuwa mshamba kama watu walivyokuja kumsimulia baadaye. Tulipokuwa tunakula nilimweleza kila kitu, kwamba watambeba, watamfunika blanketi, asishtuke. Akacheka. "Tangu azaliwe ananisumbua," akasema kwa lugha yetu. "Acha afe kidogo nipumzike."

Jambo moja hata mimi sikulijua. Siku zote msiba wa mchezo ule ulipigwa kwa debe la mafuta ya taa. Safari hii kaka alitaka kumpendeza mzungu, akaenda kwa baba mdogo huko Mulanda akaazima ngoma ya ukoo, ile inayopigwa kwetu mtu akifa na hailii kwa sababu nyingine yoyote. Aliwadanganya kwamba ni ya sherehe ya kanisa. Ngoma ile ikilia na maiti ni wako, unainuka na kulia, na hukai mpaka inyamaze. Anayebaki amekaa husemwa kwamba ndiye aliyemla kwa uchawi. Tulikuwa Wakristo sote, tumebatizwa na kuimba kwaya, lakini ngoma hiyo ikipigwa hata katekista wetu alikuwa anainuka.

Siku hiyo nilikaa na mama katikati ya wanawake. Mume wangu, Msamia wa Bulumbi, alijibanza kule mlangoni, maana mkwe hakai karibu na mama wa mke wake. Wanawake wa Mulanda waliokuwa wamekuja sokoni walikuwa wamekaa nyuma yetu. Mama alikula karanga, akacheka panapochekwa. Machela ikaletwa. Kisha ngoma ikalia.

Mama alisimama kabla sijageuza shingo. Alivua kitambaa, akaweka mkono kichwani, akatoa kile kilio chetu kinachoanzia chini tumboni. "Mwanangu uliyenipasua, nani atanizika? Uliyenikausha titi, nani atanizika?" Akawapita watu akiwakanyaga miguu, akaanza kulizunguka jukwaa kama mtu azungukavyo nyumba yenye msiba.

Halafu kicheko kikaanzia kwa makarani.

"Mama, hapana lia! Hii iko mchezo tu!"

"Huyo kijana iko mzima, mama! Nakaa chini!"

Mtu akaita "Rudia!" na ukumbi mzima ukapokea. Mpiga ngoma, kijana wa Busia asiyejua alichoshika, aliona watu wamefurahi akazidisha. Niliinuka nimnyang'anye fimbo zake. Akanisukuma nikaanguka, nao wakacheka hilo pia. Mama alizunguka akarudia, akazunguka akarudia, sauti ikaanza kukauka.

Nilimtazama kaka. Alikuwa amelala pale juu ya machela, na angeinua kidole kimoja tu ngoma ingenyamaza. Alifungua jicho. Nililiona kwa macho yangu. Alimwona mama, akauona ukumbi umesimama unapiga makofi, mzungu akijifuta machozi ya kicheko, kisha akalifunga. Nilimchukia saa ile ile, na chuki hiyo haikuhitaji kupaliliwa.

Ngoma ilipochoka, bwana wa maendeleo alimwita mama mbele akampa mche wa sabuni. Mkalimani akatangaza, "Bwana anasema mama huyu nashinda wote!" Mama aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, halafu akauacha juu ya benchi. Kaka aliuchukua akauogea mpaka ukaisha.

Njiani kwenda nyumbani nilimwambia mama, "Si nilikueleza?"

"Nilijua anapumua," akasema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Niliona tumbo lake likipanda na kushuka. Lakini ngoma ilikuwa ya kwetu, na wale wanawake nyuma yetu hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi."

Kwetu mtu aliyeliliwa akiwa hai hakanyagi nyumba ya mama yake mpaka achinjiwe kondoo mlangoni na kupakwa mavi ya tumbo lake, ili arudishwe kati ya walio hai. Kondoo mmoja, asubuhi moja, wazee wachache, basi. Mama alituma ujumbe huo wiki ile ile. Kaka aliupokea akiwa na wenzake, akacheka.

"Mimi karani, nipakwe mavi ya kondoo kwa ajili ya mchezo?"

Na hakuishia hapo. Ukumbi ulikuwa umeonja kilio na sasa ulikidai kila Jumamosi, kwa hiyo alikiingiza mchezoni. Alimfundisha yule mpakiaji wa mifuko jinsi ya kumlia. Niliwakuta nyuma ya ghala, mpakiaji amefungwa kitambaa, kaka akimrekebisha: "Mkono usiwe katikati ya kichwa. Mama yangu huweka huku. Na mguu wa kushoto uburute kidogo." Maneno yote alimpa, titi na yote. Hakuna mwingine ambaye angeweza kumfundisha vizuri hivyo. Ni yeye aliyekuwa amelala pale akisikiliza.

Walikipeleka kilio hicho mpaka Busia. Walicheza penye soko, wanawake wa samaki kutoka Majanji wakacheka mpaka wakajishika viuno, na huko nako wakaita "Rudia!" Haukupita muda watoto wa barabarani walikijua. Mama alikuja Tororo na kikapu chake cha ufuta, akapita penye kundi la watoto, mmoja akaweka mkono kichwani, akaburuta mguu, akaimba, "Nani atanizika?" Hakujua kwamba mwenyewe anapita. Mama aliuza ufuta wake wote, akarudi Mulanda, na mjini hakuja tena.

Kaka alikuwa akimtembelea na sukari. Mama alimpokea uani, mbele ya mlango.

"Wewe nimeshakulilia," akamwambia. "Leta kondoo uingie."

"Mwezi ujao, mama."

Angeweza kununua kondoo hata wawili. Ila wenzake kiwandani wangesikia, na alikuwa anaogopa kuchekwa, yeye aliyekuwa anatuchekesha kwa mgongo wa mama yake. Mama alikuwa akiweka kigoda kwenye kivuli pale nje, anakaa naye, anamuuliza habari za kazi. Alimtaka. Nitakayemsikia akisema kwamba alimkatia tamaa mwanawe nitamwita mwongo. Kila kaka alipoondoka mama alibaki anaitazama njia mpaka baiskeli ikapotea, halafu anaingia ndani na sukari yake.

Mama akafa mvua za kwanza, kwa ugonjwa wa kifua. Kaka hakuwa ameleta kondoo.

Alifika mchana akitokea mjini, baiskeli imejaa tope. Tulikuwa uani, Mulanda nzima imo, na wa Tororo wengi walikuwa wamekuja na mume wangu. Mama alikuwa amelazwa nje kwenye kivuli, nami nimekaa kichwani pake. Baba mdogo alipomwona kaka anaingia, akashika fimbo za ngoma. Ngoma ikalia, ile ile.

Kaka aliitupa baiskeli. Aliweka mkono kichwani, akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile kilio cha ghalani. Mkono ulikuwa mahali pake, mguu ukaburutwa. Sidhani kama alikusudia. Alikuwa amekifundisha mno mpaka hakuwa amebakiwa na kingine. Machozi yake yalikuwa ya kweli, niliyaona yakidondokea tai, lakini watu hawakuwa na njia ya kupambanua machozi ya kweli na ya jukwaani.

Mtoto mmoja akacheka. Mama yake akamziba mdomo, akacheka yeye. Kikaenea uani, kicheko cha kuficha usoni, mabega yanatikisika, hata wazee wakainamisha vichwa. Kaka akanyamaza. Akatutazama mmoja mmoja akitafuta uso usiocheka, akaufikia wangu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefurahi, na nadhani aliliona hilo.

Alipiga magoti, alitaka kukaa. Lakini ngoma ilikuwa inaendelea, na watu wa kwetu wakawa wananyamaza ili waone kama atakaa wakati mama yake analiliwa. Kule nyuma ya ghala la mtama, kijana wa mjini akaita kwa sauti ya chini, "Rudia!"

Kaka akainuka, akaweka mkono kichwani, akaanza tena.