Matofali Mawili Kila Mguu

Dirisha la chumba cha Shangazi lilikuwa halijafunguliwa miaka mitatu. Halikuwa bovu. Mbele yake lilisimama kabati la kaka yake, la milango miwili, aliloliacha "kwa wiki moja tu, mdogo wangu" siku alipojinunulia jipya. Wiki ya namna hiyo kalenda haijawahi kuiona.

Kabati likaita wenzake: kitanda cha mtoto aliyekwisha kuota ndevu, vyombo vya harusi visivyoguswa, feni isiyozunguka, mazulia. Kila mzigo ulikuja na maneno yaleyale: wewe huna mume wala watoto, una nafasi. Nafasi gani? Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, na kodi aliilipa mwenyewe kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni ya hospitali, alikofua shuka tangu usichana wake. Kaka alikuwa na nyumba ya vyumba vinne, na sebule iliyokaliwa wageni wakija tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Huyu walimnyonga na haki wakakaa nayo.

Kisha kikaja kikohozi. Daktari alimuuliza swali moja tu: unalala penye hewa? Shangazi akaona aibu kujibu. Njia nzima ya kurudi nyumbani hasira ilimkaba kuliko kikohozi chenyewe.

Likizo yake ya mwaka haikwenda kwenye mapumziko. Aliomba matofali manane kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani, akainua kitanda, mawili kila mguu. Chini yake akasukuma maboksi ya sabuni aliyoyaomba kazini, akiwa ameyajaza vitu vyao na kuyaandika kwa wino mzito: KAKA. KAKA. WIFI. KAKA. Shuka kuukuu akaishona mifuko ya viatu, akaitundika nyuma ya mlango. Nguo zake akazikunja kama za wodini, zikaenea kwenye ndoo mbili za rangi. Mwisho akaliburuta kabati mpaka koridoni, huku akilitukana kwa jina la mwenyewe. Dirisha lilikuwa limeng'ang'ana. Akaligonga kwa kisigino cha kiatu, likafunguka, akakaa kwenye kigoda akavuta hewa na kulia kidogo. Kulipokucha aligundua kwamba hakukohoa usiku kucha.

Kosa alifanya moja. Alijisikia fahari, akapiga chumba picha na kumtumia wifi yake, mke wa huyo kaka.

Jumamosi kaka akaja na pikapu ya kukodi. Shangazi alitoka mbio akidhani amefuata kabati. Nyuma ya pikapu kulikuwa na makochi mawili.

"Nimeiona picha, mdogo wangu," kaka alisema, tayari ameshika mguu wa kochi. "Kumbe ukijipanga nafasi unayo. Haya tutayasimamisha pale dirishani. Wiki moja tu."

Shangazi alihisi masikio yakimchemka, lakini sauti ilimtoka ya chini.

"Kaka, rudisha kochi garini."

"Kwani nini? Si wewe ni dada yangu?"

"Dada yako ni mimi. Stoo yako mimi siijui iko wapi. Dereva, usiondoke, kuna mzigo mwingine."

Kaka akacheka, akidhani ni utani. Aliuachia mguu wa kochi alipoona boksi la kwanza likitoka, lenye jina lake, na la pili, na la tisa. Dereva akasaidia kupakia kabati. Shangazi akakaa mbele. Kaka akapanda nyuma, amelikumbatia kabati lisimwangukie.

Kwa kaka, vitu vilijaa sebuleni mpaka mlango ukashindwa kufungika. Wifi akashika kiuno.

"Wifi jamani, vyote hivi tutaviweka wapi?"

Shangazi alirudi kwenye pikapu mara nne, na kila mara alileta matofali mawili, akayapanga juu ya zulia la wageni. Kitanda chake hakikuyahitaji tena. Alipomaliza alikung'uta vumbi mikononi.

"Mawili kila mguu, wifi," alisema. "Mkijipanga, nafasi mnayo."