Baiskeli ya Umeme Juu ya Tuta

Mume wangu aliacha kuwinda bata msimu ule ambao goti lake la kulia lilikataa kukunjika. Hakutangaza kwamba ameacha. Jumamosi moja alisema mvua ni nyingi, Jumamosi iliyofuata akasema amechoka na kazi, kisha akaacha hata kutafuta sababu. Nikiamka namkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameelekea dirishani, akitazama mawingu yakipita juu ya maghorofa ya Tottenham. Namuuliza kama anataka chai. Anasema ndiyo, halafu chai inapoa.

Ndugu zetu wa nyumbani hushangaa wakisikia kwamba mtu anaishi London na anawinda. Hata mimi nilishangaa zamani. Mume wangu ni dereva wa basi. Alizaliwa bonde la Kilombero, kwa baba aliyewinda bata kwa gobore kwenye mashamba ya mpunga, lakini alipokuja huku hakufikiri kwamba atashika bunduki tena. Aliyemrudisha ni dereva mwenzake wa wakati ule, Mwingereza wa Essex aliyemzidi umri na ambaye sasa amestaafu. Siku moja wakati wa mapumziko alimwonyesha picha ya bata kwenye simu yake. Wakaanza kuzungumza kuhusu bata, na hawajaacha mpaka leo. Polisi walikuja nyumbani wakatuhoji na kukagua, mume wangu akapata leseni, na sanduku la chuma la kuhifadhia bunduki likafungwa ukutani ndani ya kabati letu la nguo. Tangu hapo, kila majira ya baridi, Jumamosi kabla hakujapambazuka, walikuwa wakienda pamoja kule mto Thames unapopanuka na kuingia baharini.

Ardhi ya kule ni ya umma. Watu hutembeza mbwa wao, wengine huja na darubini kuangalia ndege, na msimu ukifunguliwa chama cha wawindaji huruhusiwa kutumia sehemu yake. Mume wangu alimwita yule rafiki yake Mzee. Mwenyewe alidhani ni utani tu. Alipoelezwa maana ya neno lile akasema linamfaa, na tangu siku hiyo hata mimi namwita hivyo.

Kutoka pale wanapoegesha gari mpaka kwenye matete wanakojificha ni mwendo mrefu. Kuna tuta kubwa lililojengwa kuzuia maji ya bahari, na juu yake njia ya changarawe. Unaifuata mpaka kwenye geti la mbao, halafu unashuka kwenye matope. Mume wangu aliweza kukaa kwenye matope akitaka. Kilichomshinda ni ile njia. Hospitali walimwambia goti litabadilishwa, wakamweka kwenye foleni, na foleni ile haikuwa na haraka.

Binti yetu, ambaye ni mtu mzima na anaishi nasi, hali nyama. Siku ambazo baba yake alirudi na bata na kuwaweka kwenye sinki, yeye alipita jikoni bila kugeuza shingo. Kwa hiyo nilishtuka yeye aliponiuliza, kwa Kiingereza chake kama kawaida, iwapo kinachomshinda baba ni matope au ni kutembea. Nikamwambia ni kutembea. Akasema kama ni hivyo, kwa nini asipande baiskeli ya umeme? Yeye mwenyewe huenda kazini kwa zile za kukodi zinazoachwa barabarani. Unakanyaga kidogo tu na mota inakusaidia, goti haliumii.

Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Wewe si hutaki kabisa mambo ya kuua ndege?"

"Sipendi anachokifanya kule," akasema. "Lakini nampenda anavyokuwa akirudi."

Hata mimi nilimpenda hivyo hivyo. Alikuwa akirudi anaimba kwa sauti ya chini, ananuka chumvi na tope, na anaweza kukusimulia habari ya wingu moja kwa nusu saa.

Binti akatafuta baiskeli iliyotumika, yenye matairi mapana na karia imara nyuma. Tukampeleka baba yake kujifunza kando ya mto Lea, kwenye njia tambarare. Mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa Ifakara, kijana mwembamba. Binti alishika kiti kwa nyuma akawa anakimbia naye, na mimi nikasimama pembeni na chupa ya chai nikiona aibu na furaha kwa pamoja. Mota iliposhika, baiskeli ikamponyoka binti mkononi, baba akaenda. Alipokwenda mbali hadi tukaanza kuogopa, akageuza, akarudi kwetu polepole, ameketi wima kama anaendesha basi. Alisema breki zake ni nzuri. Usiku huo alilala bila kugeukageuka.

Mimi niliogopa betri. Katika majengo yetu kila mtu ameshasikia habari za betri zilizolipuka na kuunguza nyumba. Akaniahidi kwamba ataichaji mchana tu, kwenye sakafu ya jikoni, yeye akiwepo. Akatimiza. Alivuta kiti akakaa nayo mpaka ijae, kama anayemuuguza mtoto mwenye homa.

Kikwazo kilitoka mahali ambapo hatukutarajia. Chama cha wawindaji kilikaa kikao kujadili kama baiskeli za namna ile ziruhusiwe, na aliyesimama kupinga alikuwa Mzee. Mume wangu alinisimulia jikoni, bado amevaa koti. Mzee alisema pale mbele ya wote kwamba kule hufikiwa kwa miguu, na kwamba mota ni mota hata ikiwa ndogo. Hakumtaja rafiki yake, lakini kila mtu alijua. Mwishowe wengi waliamua baiskeli ziruhusiwe juu ya tuta mpaka kwenye geti, bila kuvuka, bunduki ikiwa ndani ya mfuko wake na haina risasi. Mume wangu alikuwa ameshinda, na alikaa kwenye kiti kama aliyeshindwa.

"Angeniambia mimi kwanza," akasema.

Jumamosi ya kwanza binti alisema baba asiende peke yake. Yeye hakutaka kuona ndege wakianguka, kwa hiyo nilikwenda mimi, baada ya miaka yote ile ya kulala Jumamosi. Ninafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na Jumamosi ndiyo siku ya kupumzisha mgongo wangu. Tulifika kungali giza. Mzee alikuwa tayari amesimama pale na mbwa wake. Alinisalimia kwa adabu, akaitazama baiskeli, akasema imejengwa vizuri. Wakashikana mikono yeye na mume wangu, wala hawakutaniana kama nilivyowazoea kwenye simu.

Mume wangu akatangulia kwa baiskeli, taa yake ikizidi kuwa ndogo juu ya tuta. Mimi nikatembea na Mzee na mbwa. Upande mmoja kulikuwa na malisho, upande mwingine vijihori vya maji vinavyoingia na kutoka kwenye matope, na ndege wakiita gizani kwa sauti ambazo sikuzijua. Mzee alinionyesha pa kukanyaga. Tulikwenda mbali. Kisha akasema anajua kwamba nimekasirika.

Nikamwambia sijakasirika, ila sikuelewa. Akaeleza kwamba mahali pakiwa rahisi kufikika huja watu wengi, na watu wakiwa wengi ndege huhama. Amekwisha kuona ikitokea kwingine. Nikaona ni sababu ya haki. Nilidhani amemaliza. Tulikuwa tumekaribia geti aliponiambia, bila kunitazama, "Na pia nilizoea kutembea naye."

Mume wangu alitungoja getini, baiskeli ameiegemeza kwenye nguzo. Tukashuka kwenye matete. Mzee alikwenda upande wake na mbwa, sisi tukakaa upande wetu juu ya kipande cha turubai, tumegusana mabega kwa baridi. Nilimwona mume wangu katika hali ambayo sikuwahi kumwona. Yule mtu anayelalamikia majirani, foleni za magari na kelele za televisheni alitulia mpaka nikasahau kwamba ana mwili. Kulipoanza kupambazuka alininong'oneza majina ya bata kwa kuwasikia tu, kabla hatujawaona. Nami nikamnong'oneza lile alilosema Mzee, neno kwa neno.

Bata walipita juu yetu, hakuinua bunduki. Walipita wengine, akainua, akapiga mmoja, na mbwa wa Mzee akaja kumtoa majini akatuletea sisi, kama alivyozoea. Mume wangu alimpapasa mbwa kichwa kwa muda mrefu.

Maji yalipoanza kujaa tukarudi getini. Mume wangu akafunga mizigo yake kwenye karia, akapanda, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, kisha akashuka. Alisema betri imekwisha.

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Vitaa vidogo kwenye usukani vilikuwa vinawaka vyote, kijani. Nikaviona, naye akaona kwamba nimeviona.

Mzee akaja akatazama. Mtu aliyewahi kuendesha mabasi anajua taa ya betri iliyojaa. Aliinamia usukani, akanyooka, akasema, "Baridi hufanya hivyo." Akashika baiskeli yeye mwenyewe na kuanza kuisukuma.

Basi tukatembea. Mume wangu aliweka mkono wake begani kwangu na kunilemea kila goti lilipomchoma, kwa upande wa pili yuko Mzee na baiskeli ile nzito, na mbwa mbele yetu. Tulikwenda polepole mno. Wao wawili walianza kuzungumza kuhusu upepo, wakaingia kwenye habari ya njia mpya za mabasi, wakafika kwenye siku fulani mbwa alipoiba mkate wa mtu, na hapo nikasikia mume wangu anacheka. Habari ya kikao haikuguswa. Katikati ya njia kuna benchi la watu wa darubini. Tukakaa, tukanywa chai yangu, jua likatoka kidogo juu ya maji. Mume wangu alikuwa amekunja uso kwa maumivu na hakutaka kuinuka.

Mzee akamwambia, "Hebu jaribu tena. Huenda imepata joto."

Akajaribu. Ikawaka.

Msimu uliobaki walifanya hivyo: kwenda kwa baiskeli, kurudi kwa miguu mpaka kwenye benchi, wakati mwingine mpaka nusu ya kufika huko, kutegemea goti limeamkaje. Mzee hakubadili msimamo wake kuhusu mota, na kikao kilichofuata alisema tena yale yale. Mume wangu aliketi karibu naye akamsikiliza. Lakini taratibu mfuko wa Mzee ukaanza kupanda kwenye karia pamoja na wetu.

Foleni ya hospitali ilitufikia majira ya kuchipua. Goti likabadilishwa, na mtaalamu wa mazoezi akamwambia mume wangu atembee kila siku, kidogo kidogo, hata kama hataki. Mimi nilikuwa kazini, binti yuko kazini, na bata walikuwa wameshakwenda zao kaskazini. Mchana mmoja nilirudi mapema nikakuta nyumba tupu na gongo lake la kutembelea halipo. Nikatoka kumtafuta kando ya mto.

Niliwaona kwa mbali. Mzee alikuwa amepanda treni kutoka Essex, kisha basi, na alikuwa amekuja hivyo siku kadhaa bila mimi kujua. Hawakuwa na bunduki wala mifuko. Mbwa alikuwa amefungwa kamba, hakuipenda. Mume wangu aliinua gongo, akaliweka chini, akasogea, na Mzee, ambaye ana miguu mirefu, alikuwa anafupisha hatua zake ili wasiachane. Sikuwaita. Nilikaa kwenye ukuta wa chini nikawatazama wakija, na waliponifikia nilisogea kuwapa nafasi.