Kitambaa cha Manjano

Harufu ya kitambaa kipya chenye wanga bado siivumilii. Nikipita madukani hujifanya sisikii. Nakuambieni ninyi kwa kuwa nimechoka kuificha: hasira zangu hazijapoa, na nusu yazo ni juu yangu mwenyewe.

Tulikuwa Matrah, mji wa bandari wa Kiarabu, miaka michache tangu kuyakimbia mapinduzi ya Unguja. Baba, aliyekuwa mwalimu kwetu, alibeba mawe kwenye ujenzi wa gati. Siku moja nyapara akatangaza: vibarua wote waliotoka Unguja wafunge kitambaa cha manjano mkononi, wajulikane. Vibarua waliotoka kwingine hawakuambiwa kitu. Asiyefunga asipite getini. Na kila mtu ashonewe kwao!

Mama alikuwa na homa, nikashona mimi. Nilikuwa na miaka tisa, na uzi ukienda upande nilifumua mpaka vidole vikawaka. Upindo mtupu niliuona kama kazi ya mvivu. Bibi alikuwa amenifundisha kushona kofia za kiume, basi nikatoboa vile vitundu vya kofia pembeni pote, nikavizungushia uzi mweupe kimoja kimoja. Baba alikitazama, akakifunga mkononi.

Jioni alirudi na Ami Khamis, kibarua mwenzake, aliyekuwa akicheka tangu uchochoroni.

"Mwalimu leo kavaa kofia mkononi! Kesho atavaa kilemba mguuni!"

Baba akatupa chini bunda la kitambaa cha manjano. Nyapara alikuwa amependezwa na vitundu vyangu. Aliamuru Waunguja wote washonewe mfano ule ule, na fundi awe binti wa Mwalimu.

Niwafiche nini? Nilifurahi. Nikaenda kuchukua sindano.

"Hushoni," Baba alisema.

Nikalia, nikidhani ameona kasoro. "Nimekosea wapi, baba?"

"Hukukosea popote, mwanangu. Ndo kinachoniuma."

Ami Khamis akaacha kucheka. "Watakufukuza, Mwalimu. Kitambaa tu hicho."

"Kitambaa tu? Basi mwambie nyapara akifunge yeye."

Asubuhi alilirudisha bunda kama lilivyokuja, mkono wake hauna kitambaa. Hakuruhusiwa kupita. Kwa miezi kadhaa alisomesha watoto wa jirani, tukala walichotuletea. Mimi nilimnunia yeye, si nyapara. Niliona ameudharau ufundi wangu.

Miaka baadaye, katika kujisomea peke yangu, nikakuta picha ya Mayahudi chini ya Wanazi, vibarua waliolazimishwa kufunga vitambaa mikononi, na wengi wao wakauawa. Msiba ule si wetu, na sitaki kujipachika ndani yake. Lakini upindo wa kitambaa kimoja ulikuwa umenyooka sana. Kuna mtu aliketi kwao akaushona vizuri.

Nikafunga kitabu nikatukana kwa sauti. Nyapara wetu hakuwahi kuniona hata mara moja. Alitoa amri tu, nami nikaitimiza kwa moyo wangu wote, kisha nikaipamba.