Shikamoo Katikati ya Mbio

Juzi niliwatazama wanachuo wa hapa Bagamoyo wakishindania nafasi kwenye timu ya riadha. Binti mmoja, aliyeletwa nchini na vita vya kwao, aliwaacha wenzake mbali. Alipomfikia mzee anayechora mistari kwa chokaa, akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Wenzake wakampita. Mwalimu akatupa kofia chini. "Unasalimia katikati ya mbio?"

"Nisamehe, mwalimu. Vita vilipofika kwetu, nilikimbia bila kumuaga babu yangu."

Mwalimu akaokota kofia, akaikung'uta hata pasipo na vumbi. Kisha akamshika mzee mkono, akaenda kumkalisha kwenye mstari wa kumalizia. Mbio zikarudiwa. Sijapata kuona shikamoo ikikimbiliwa kwa kasi ile.